Farasi Aliyetaka Aonjewe Kwanza

Watu wa siku hizi wakimtaja dada yangu Ottilia Kapinga husema alikuwa mwanamke jasiri, mkunga aliyepanda farasi milimani. Mimi nikisikia hivyo hucheka mpaka nakohoa. Ottilia jasiri? Kama kunguru ni mwoga, basi Ottilia ndiye aliyemfundisha. Aliogopa radi. Aliogopa mbwa wa katekista, mbwa mzee asiye na meno. Aliogopa ngazi, aliogopa mapadri, aliogopa kuchelewa misa na aliogopa kuwahi akakuta kanisa halina watu. Namsema hivi kwa kuwa ndiye aliyenilea. Mwingine akimsema atanikuta mlangoni kwake.

Farasi mwenyewe alikuwepo kweli, ingawa mbung'o walimmaliza siku nyingi. Na mto walivuka kweli. Lakini habari ya ushujaa wameiongeza wao.

Nianze na mto, maana ndio uliomfanya Ottilia awe Ottilia. Ni ule unaotenganisha mlima wetu na upande wa Kingerikiti, ukiwa unateremka kwenda ziwani. Mama yetu, Kunigunda, alikuwa anarudi kutoka Nyasa na kapu la usipa kichwani, wale dagaa wadogo wa ziwani, na Ottilia alikuwa ameteremka kumpokea. Mahali waliposimama jua lilikuwa linawaka. Juu milimani mvua ilikuwa imenyesha, na mito yetu ndivyo ilivyo, haikuarifu. Maji yalikuja kwa mkupuo mmoja. Kapu lilitangulia, mama akafuata. Ottilia aliona yote akiwa ukingoni, msichana wa kipaimara, na mimi nilikuwa mgongoni mwake nimelala.

Hapo ndipo tulipoachana tabia. Yeye aliona, mimi nililala. Nimekua sijui hofu ya maji, naogelea kama Mnyasa wa kuzaliwa, na yeye hakukanyaga tena kivuko kile. Akiwa na safari ya ng'ambo alipanda juu kabisa, kwenye daraja la magogo, mzunguko wa nusu siku, hata wakati wa kiangazi mbuzi wanapovuka bila kulowa tumbo. Watu walimcheka. Na maji ya mto ule hakuyanywa, hata yakichemshwa. Ukimpikia chai ng'ambo atakuuliza umechota wapi.

Alijifunza ukunga kwa masista, Kigonsera, akarudi nyumbani na mkoba wake na woga wake. Kazi aliifanya vizuri. Akina mama walimpenda kwa sababu hakuwahi kumwambia mtu "nyamaza, acha kudeka". Baada ya Azimio, watu walipoanza kukusanywa vijijini, mume wangu Urban na mimi tulihamia kijiji kipya cha ujamaa ng'ambo ya mto, chini ya Kingerikiti. Vijiji vikaongezeka, miguu ya Ottilia ikabaki ileile miwili. Ndipo padri mmoja mzee, aliyekuwa anarudi kwao Ulaya, akamwita akampa farasi.

Msidhani alipewa farasi aliyefundishwa. Alikuwa dume mchanga aliyezaliwa hapo misheni, mama yake akafa, hakuna aliyewahi kumpanda wala kumtoa nje ya boma. Rangi yake ilikuwa ya kahawa iliyokaangwa, miguu mirefu, macho yametoka. Ottilia hakumtaka. Ila alimwogopa padri kuliko alivyomwogopa farasi, kwa hiyo akasema asante.

Sisi tukafanya kosa ambalo watu wa kwetu tu ndio tungelifanya. Tulimpokea, mimi na Urban tukiwa tumevuka mto kurudi kwa Ottilia, maana siku zile nilikuwa navuka karibu kila siku. Mgeni akija huku hapokelewi kimyakimya, ni aibu kwa kijiji. Wanawake tulijipanga njiani na vigelegele, Urban na wenzake wakaleta ngoma zao za mganda na vile vibuyu wanavyovipuliza vikalia kama nyuki. Farasi alipofika kwenye kona akasikia lile shangwe, alisimama wima kwa miguu ya nyuma. Aliyekuwa anamwongoza aliachia kamba. Farasi akakimbilia shambani, na shamba letu, kama mashamba yote ya Wamatengo, ni la ngoro, yale mashimo tunayochimba miteremkoni ili mvua isiondoke na udongo. Hakuwa amewahi kuona shimo. La kwanza aliruka, la pili akatumbukia miguu ya mbele, akalala kwenye maharage anatetemeka, jasho linamtoka kama povu la sabuni.

"Mfungeni kwenye nguzo mumpige mpaka azoee," alisema Mzee Raimundi, balozi wetu wa nyumba kumi. "Hata ng'ombe ndivyo anavyofundishwa."

"Babu, huyu ni mgeni," Ottilia akasema, na sauti yenyewe ilimtoka kidogo sana.

Jina likamkaa hapohapo: Mgeni.

Walimtoa shimoni, wakamwingiza uani kwa Ottilia. Kutwa nzima hakula, hakunywa. Ukipita na kanga anaruka. Jani la mgomba likipasuka kwa upepo anaruka. Ottilia alikuwa amesimama mbali kidogo na ndoo ya maji, akimwogopa, na farasi akiiogopa ndoo. Nilikaa kibarazani nawaangalia wote wawili wanavyotetemeka, nikafikiri, masikini padri, angalimpa baiskeli.

Sasa kwetu kuna desturi. Huwezi kumpa mgeni kinywaji, iwe pombe, iwe togwa, iwe maji matupu, bila kuonja wewe kwanza mbele ya macho yake. Huko ndiko kutoa uchawi. Usipoonja, mgeni ana haki ya kukirudisha kikombe na kwenda zake, na hakuna atakayemlaumu. Tunafanya bila kufikiri, kama kupiga ishara ya msalaba. Ottilia naye hakufikiri. Aliinama, akatia mdomo ndooni, akanywa funda moja kwa sauti, akajifuta.

"Haya, baba," akamwambia. "Hamna kitu humu."

Akaisogeza ndoo, akarudi nyuma. Farasi alitazama ndoo, akamtazama yeye. Alinyoosha shingo, akapuliza pua, akarudi, akanyoosha tena. Halafu akanywa mpaka ndoo ikalia.

Kuanzia siku ile dada yangu alionja dunia nzima kwa ajili ya mnyama. Sitanii. Farasi akiogopa pumba, Ottilia anaweka pumba mdomoni. Blanketi la kuweka chini ya tandiko lilipomtia wazimu, alilivaa yeye mgongoni akazunguka nalo uani, analifanya lipigwe na upepo, mpaka farasi akalizoea. Tandiko lenyewe alilibeba mabegani, mikanda inaburuta chini, akatembea hivyo mbele ya majirani. Nililala chini kwa kicheko.

"Dada, na wewe utakuja kupandwa na nani?" nilimuuliza.

"Cheka tu, Valeria," akasema. "Mtu anayeogopa hafundishwi kwa kuchekwa. Nimechekwa sana, sikujifunza kitu."



Kwenye ngoro alimpeleka hivyohivyo. Alipita yeye kwanza juu ya tuta lililo kati ya shimo na shimo, peke yake, mikono ameinyoosha, akarudi kwa njia ileile. Ndipo akamshika hatamu. Mgeni alinusa nyayo zake, akaweka kwato palipokuwa na unyayo. Akitetemeka, wanasimama. Hakumvuta wala hakumkemea. Alikuwa anamsimulia mambo ya kawaida, nani amejifungua, nani amegombana na mumewe, kahawa ya nani imeingia ugonjwa, na sauti yake inatetemeka kidogo kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa anaogopa mashimo yale akiwa pamoja na mnyama mzito namna ile. Farasi akitulia, wanaenda hatua nyingine. Ilichosha hata kuangalia.

Mara moja nilimtuma Urban akasaidie. Mume wangu ni mtu mwema, ila hana subira, na alikuwa amesikia maneno ya Mzee Raimundi. Alimpanda Mgeni akamchapa ili apite karibu na mashine ya kumenyea kahawa, iliyokuwa inanguruma. Urban aliangukia kwenye maganda ya kahawa. Hilo halikuniuma. Kilichoniuma ni kwamba farasi alirudi kule alikoanzia, hata ndoo akawa haisogelei tena. Ottilia hakugomba. Alichukua ndoo, akainama, akanywa, akaanza upya. Na mashine ile alikwenda kuishika kwa mkono wake, ikiwa inanguruma, macho ameyafumba.

Kabla ya mvua za masika alikuwa anampanda. Si kwa mbwembwe, alikaa juu kama mtu aliyekalia paa la nyumba, vidole vimezama kwenye manyoya ya shingo. Lakini walikwenda. Walipita sokoni, walipita kwenye shangwe la harusi, walivuka vijito vya kufika kifundoni, kila kimoja akiteremka kwanza, akionja kwa kiganja, akivuka kwa miguu na kurudi kumchukua. Kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho hakuwahi kumwonjea, na kila mtu alikijua. Wakifika kwenye mto ule, waligeuza njia kwenda kwenye daraja la juu. Farasi akajifunza kugeuka hapo mwenyewe.

Mimi nilikuwa na mimba ya kwanza. Tulikubaliana nitapanda kwake siku zikikaribia, nijifungulie huko. Mtoto hakukubaliana nasi. Masika yalikuwa yameshika, daraja la magogo lilikuwa limesombwa Jumapili iliyotangulia, na asubuhi moja naosha vyombo nikasikia maji yamenichuruzika miguuni.

Nilikuwa nimezoea kujiona mwanamke ngangari. Kufika saa nne niligundua sikuwa najijua. Mama mkwe wangu, Natalia, aliyekuwa amezalisha wengi, alinipapasa tumbo, akaniangalia chini, na uso wake ukabadilika. Alimwita Urban nje. Walidhani sisikii.

"Ametanguliza mguu," alisema. "Mimi hili siliwezi. Kamlete shemeji yako."

"Mama, daraja limekwenda. Ottilia hapiti kivukoni."

"Kamlete."

Niliogopa. Sina neno jingine la kulipamba. Niliogopa mpaka nikawa nasikia baridi kwenye meno. Nilimfikiria mama yetu nisiyemjua sura, nikafikiri, basi, na huyu wa kwangu hatanijua. Na kilichonimaliza zaidi ni kwamba nilimjua dada yangu. Nilijua atateremka mpaka ukingoni, na nilijua atasimama hapo.

Yaliyotokea mtoni nimeyapata kwa Urban, naye hana kipaji cha kuongeza chumvi. Alivuka kwenda maji yakiwa kiunoni, akipapasa mawe kwa miguu. Alipowaleta Ottilia na farasi, mvua ya milimani ilikuwa imeshafika. Maji yalikuwa ya kifua na yanapanda, mekundu, yanabeba matawi. Mgeni alipofika pale aligeuka kushoto mwenyewe, kuelekea darajani, kama siku zote.

"Shemeji, daraja hakuna," Urban akasema. "Kaa huko juu, mimi nimpige fimbo aingie."

"Fimbo hapana."

"Valeria anakufa!"

"Fimbo hapana, shemeji. Ukimpiga atatuua wote."

Akateremka. Alikwenda mpaka ukingoni, akapiga magoti kwenye matope, akachota maji kwa kiganja. Akakileta kiganja mdomoni. Na hapo akakwama. Mkono umefika, midomo imekataa kufunguka. Maji yakamvujia kati ya vidole yakaisha. Akachota tena. Yakaisha tena. Akaanza kulia, si kwa sauti, mabega tu.

"Siwezi," alisema. "Nitamdanganyaje mgeni? Siwezi kuyanywa haya."

Urban anasema alishika kichwa. Mimi ng'ambo, umbali wa kutupa jiwe tu kutoka pale, nilikuwa nang'ata kanga.

Farasi alikuwa nyuma yake, anahema kwa mbio alizokimbizwa. Alipuliza pua. Akatazama maji, akamtazama Ottilia aliyepiga magoti. Alisogea hatua moja, masikio yanacheza mbele na nyuma, ngozi inamtetemeka mgongo mzima. Akasogea nyingine. Akapitisha shingo juu ya bega la dada yangu, akainamisha kichwa kwenye maji yale mekundu, akanywa.

Hakugusa tu. Alikunywa funda baada ya funda, Urban aliyaona yakipanda kooni.

Ottilia aliacha kulia. Alimtazama mpaka alipoinua kichwa, midomo inadondosha matone.

"Ameonja," akasema.

Aliinuka, akapanda, akamwambia Urban ashike mkia na asiuachie hata akiombwa. Wakaingia. Katikati, kwato likateleza kwenye jiwe, farasi akazama upande mmoja, na Ottilia akapiga ukelele ambao mimi mwenyewe niliusikia ndani ya nyumba nikadhani ndio mwisho. Farasi yule, ambaye zamani alikimbia vigelegele, hakuruka. Alisimama. Aligeuza sikio moja kwake, akangoja, maji yanampiga ubavuni. Alipopata jiwe la kukanyaga alisonga mbele, polepole, mpaka ng'ambo.

Aliingia ndani amelowa kutoka kichwani, anatetemeka vibaya kuliko nilivyowahi kumwona, na mimi badala ya kufurahi nikazidi kuogopa. Nikawaza, huyu atanishika vipi? Alinawa mikono kwa sabuni. Akanawa tena. Mikono ilitetemeka ndani ya beseni, ilitetemeka alipoifuta, ilitetemeka ikija kwangu. Iliponigusa ikatulia.

"Naogopa, dada," nilimwambia. Sikuwahi kumwambia hivyo maisha yangu yote.

"Hata mimi," akasema. "Tuogope pamoja. Chuchumaa, mshike mama mkwe shingoni. Usisukume mpaka nikuambie."

Alizaliwa miguu kwanza, wa buluu, kimya. Kimya kile sitaki kukisimulia kirefu. Ottilia alimfuta, akampulizia, akampigapiga nyayo, anamsemesha kwa sauti ileile aliyomsimulia farasi kwenye ngoro. Kisha mtoto akakasirika. Akalia. Natalia akapiga kigelegele, na nje, chini ya upenu, Mgeni akapuliza pua tu.

Tulimwita Kunigunda.

Ottilia alikaa kwetu wakati wote ambao wanakijiji walikuwa wanatafuta magogo mapya na kulijenga daraja kwa kazi ya pamoja. Alifua nepi, alinipikia uji, na maji ya kupikia chakula chake aliyafuata kwenye chemchemi, mbali, na ndoo kichwani. Watu walikuja kumtazama mwanamke aliyevuka mto. Alijificha jikoni.

Siku ya kuondoka kwake mvua ilikuwa imekatika. Nilimsindikiza mpaka kivukoni, mtoto nimembeba mgongoni. Mto ulikuwa umepungua mpaka mtu anaona aibu kuuita mto. Watoto wa shule walikuwa wanavuka huku wanapigana kwa maji. Mgeni aliinamisha kichwa akanywa, akatia miguu ya mbele majini, akasimama kumngoja. Ottilia akamshika hatamu, akamgeuza taratibu kushoto, kwenye njia ya daraja la juu.

"Dada!" nilimwita. "Maji yako vifundoni! Hata Mgeni anakushangaa!"

"Nimeyaona," akajibu bila kugeuka.

Nikacheka, kama kawaida yangu. Nilisimama nikimwangalia anavyopanda mlima, mwanamke mwoga na farasi wake, nusu siku ya mzunguko mbele yao, jua linawaka. Nikatazama maji. Yalikuwa safi, unaona mawe. Nikatazama juu, kule yanakotoka, na milimani kulikuwa na wingu, dogo tu. Mtoto alikuwa mgongoni mwangu, joto lake nalisikia, amelala.

Kicheko kiliniishia. Nilirudi nyuma kutoka ukingoni, nikaendelea kurudi nyuma mpaka nikafika kwenye majani. Tangu siku ile naogelea bado, na kivuko kile nakipita nikiwa peke yangu. Nikiwa na mtoto mgongoni hupita darajani.